Majina ya bia mbovu Uingereza ya zamani

Yaani kama kuna kitu Waingereza wa zamani walikiweza ni kuitukana bia mbovu, na mimi haya maneno yao nayapenda mno. Chukua ile kamusi ya maneno ya mtaani ya Francis Grose, ilotoka London mwaka 1785 halafu ikarudiwa kuchapishwa mara kadhaa, bia isiyo na nguvu ina majina kibao. Kuna "whip-belly vengeance", kisasi cha kuchapa tumbo, maana ukishainywa tumbo linaanza kusokota. Kuna "water bewitched", maji yaliyorogwa. Halafu "rotgut", kiozesha utumbo, ambayo kaiwekea kabisa na msemo wenye vina kwamba itakupasua tumbo kabla haijakuangusha.

Sasa bia yenyewe, kwa jina la kawaida "small beer", ilipikwaje? Kimea kinamwagiwa maji moto, kinachujwa, ule mchujo wa kwanza wenye utamu wote ndo unatoa bia kali, halafu kimea kilekile kinamwagiwa maji tena mara ya pili, wakati mwingine hata ya tatu, na kinachotoka hapo kilevi chake ni kiduchu. Ndo walokuwa wanapewa watumishi wa majumbani, vibarua wa mashambani, hadi watoto.

Ninaloliona kali kuliko yote ni la wanajeshi, "Act of Parliament", yaani sheria ya Bunge! Grose anasema zamani mwenye nyumba ya wageni alilazimika kisheria kumpa kila askari painti 5 za small beer bure, basi askari wakaibatiza kwa jina la hiyo hiyo sheria. Hebu fikiria, wabunge wamekaa, wamejadili, wamepitisha, na matunda yake ndo kile kimaji kwenye kikombe. Mabaharia wa meli za mfalme nao walisema "purser's swipes", mzigo wote kwa mshika stoo wa meli. Mi naona ndo maana majina yana hasira hivi, wanywaji hawakuchagua, walipangiwa, wakabaki na mdomo tu.

Na Shakespeare alilijua hilo. Katika mchezo wake wa Henry VI, sehemu ya pili, muasi Jack Cade anawaahidi watu wake kwamba yeye akiwa mfalme kunywa small beer itakuwa kosa la jinai, na ahadi hiyo kaitoa pumzi moja na ya kushusha bei ya mkate.