Upatu wa Mfadhili

Mwezi Machi mwaka 2019, siku chache kabla ya masika kuanza, shirika letu dogo la Tanga lilipata barua tuliyokuwa tukiihangaikia kwa miaka minne. Shirika kubwa la kimataifa, lililokuwa limepewa fedha za serikali ya Marekani kwa ajili ya watoto yatima na wagonjwa wanaotunzwa nyumbani, lilitualika kuwa mbia wake katika kata tano, kwa shilingi milioni 180 kila mwaka, kwa muda wa miaka mitatu. Bajeti yetu nzima ya mwaka uliotangulia ilikuwa milioni 58. Mratibu aliisoma barua hiyo akiwa bado amesimama mlangoni, akairudia tangu juu, kisha akamtuma kijana kununua soda za watu wote, matumizi ambayo hayakuwa katika kifungu chochote cha bajeti.

Mimi ndiye niliyekuwa mhasibu, na kwa kuwa tulikuwa wachache nilikuwa pia karani, mtunza stoo na mwandishi wa nusu ya maandiko ya miradi. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili vya kupanga Ngamiani. Shirika lilianza kama kikundi cha akina mama waliokuwa wakiwazungukia wagonjwa, wakiwaogesha na kuwapelekea uji, katika miaka ile kabla ya 2004 ambapo dawa za kufubaza VVU zilikuwa bado hazijaanza kutolewa bure katika hospitali zetu. Baadaye tukajiandikisha, tukapata muhuri, tukapata mfadhili, na taratibu tukazoea kuishi kwa mfadhili huyo mmoja. Katika zile milioni 58, milioni 49 zilikuwa zake, na mradi wake ulikuwa unakwisha mwezi Juni. Kwa hiyo mtu asishangae kwamba ile barua tuliiona kama mvua.

Bodi ilikutana Jumamosi iliyofuata. Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu, na mweka hazina alikuwa mmoja wa wale akina mama wa mwanzo, mtu mzima aliyesoma hadi darasa la saba, aliyekuwa kijumbe, yaani mkusanyaji wa fedha, wa michezo miwili ya upatu kwa wakati mmoja na ambaye mtaani hapakuwa na mtu aliyewahi kusema amedhulumiwa shilingi yake. Alikuja na kaunta buku lake kama kawaida, lile lile lenye kurasa za upatu mbele na kurasa za shirika nyuma. Nilipokuwa mgeni nililiona lile daftari kama aibu, na niliwahi kumwomba kwa adabu asilitoe mbele ya wakaguzi.

Mratibu alieleza kwa ufasaha. Kata tano, wahudumu wa kujitolea 60, baiskeli, sare za shule za watoto, mafunzo kila robo mwaka. Wajumbe walikuwa wamekwisha kuanza kupongezana pale mweka hazina aliponigeukia na kuuliza, "Mwanangu, fedha zenyewe zinakuja lini?"

Nilimweleza kwamba ulikuwa mkataba wa kurejeshewa. Shirika lingetumia fedha zake kwanza, likakusanya stakabadhi na taarifa kila baada ya miezi mitatu, likapeleka Dar es Salaam kukaguliwa, na malipo yangefika katika muda usiozidi siku 60 tangu taarifa kupokelewa. Kifungu hicho nilikuwa nimekisoma mara mbili na kukipita kama mambo ya kawaida ya kiofisi. Akaniambia nipige hesabu kwa sauti. Milioni 180 kwa mwaka ni milioni 15 kwa mwezi. Miezi mitatu ni milioni 45. Halafu miezi miwili ya kusubiri, ambayo wagonjwa hawasubiri na wahudumu hawasimami, ni milioni 30 nyingine. Kabla ya kuona senti ya kwanza tulitakiwa tuwe tumekwisha kutumia milioni 75. Akaniuliza benki tuna kiasi gani ambacho si cha mradi wa mtu. Nilikuwa nakijua kwa kichwa, kwa sababu kilikuwa hakibadiliki: shilingi 4,260,000.

Alikaa kimya kidogo akipekua zile kurasa za mbele. "Katika upatu," alisema, "anayepokea wa kwanza ana deni, na anayepokea wa mwisho amewakopesha wenzake wote. Sisi hapa tunapokea wa ngapi?"

Nilimjibu kwamba wa mwisho.

"Basi sisi ndio tunaomkopesha Mmarekani."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, ila Mratibu hakucheka. Katika miaka yangu yote ya uhasibu, pamoja na diploma yangu, sikuwa nimewahi kuiona ruzuku kama mkopo unaotoka kwa maskini kwenda kwa tajiri. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na mashirika yaliyokuwa yamekwisha kutumia fedha zao yakabaki na madai mkononi, maneno yale yalinirudia yote, hata na mlio wa zile karatasi.

Mwenyekiti alipendekeza tukakope benki. Hapo nilikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuuliza: benki ilitaka hati ya nyumba, nasi hatukuwa na nyumba, na hata kama mjumbe mmoja angejitolea yake, kanuni za fedha za Marekani hazikuruhusu riba kuingizwa katika gharama za mradi. Riba ingelipwa kutoka wapi? Tukarudi kwenye zile 4,260,000.

Nilipoanza kuuchambua ule mkataba kwa jicho hilo, kila kifungu kilikuwa na mdomo wake. Bajeti ililipia shughuli tu. Kodi ya ofisi, umeme, ukaguzi wa hesabu na sehemu kubwa ya mshahara wangu havikuwemo, ingawa kazi yangu ingezidi mara tatu. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 zilitaka mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe Hazina na kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ndani ya siku 10, maana yake safari za Dodoma na nakala za kila kitu. Kisha kulikuwa na suala la risiti. Mfadhili alitaka risiti za mashine ya EFD, zile za kielektroniki za kodi, kwa kila matumizi, na mtu anayezijua njia za vijijini huko Muheza anajua kwamba dereva wa bodaboda anayempeleka mhudumu kwa mgonjwa hana mashine ya EFD, wala mama anayeuza uji wa mafunzo. Matumizi yasiyo na risiti yangekataliwa, na yaliyokataliwa yangekuwa hasara yetu. Kwa kadiri shirika lilivyokua, ndivyo shimo lingekua.

Jumatatu nilimpigia simu afisa ruzuku wa lile shirika la kimataifa. Nilimwomba mambo mawili: malipo ya awali ya miezi miwili, na asilimia 10 ya kuendeshea ofisi. Alinijibu kwa upole kwamba wabia wadogo hawapewi asilimia hiyo, na kwamba yapo mashirika mengine kwenye foleni. Nikashukuru, nikakata simu. Ilinichukua miaka kadhaa kujua kwamba tangu Desemba 2014 kanuni za serikali ya Marekani yenyewe zilikuwa zinaliruhusu shirika ambalo halijakubaliana na serikali hiyo kiwango cha gharama za uendeshaji kudai hadi asilimia 10 ya gharama zake za moja kwa moja, ukiondoa baadhi ya vifungu, na kwamba mbia mdogo naye alikuwemo katika ruhusa hiyo. Tangu Oktoba 2024 kiwango hicho kimepanda hadi 15. Mimi niliomba kama mtu anayeomba kuongezewa mchuzi, kumbe ulikuwa sehemu ya sahani yenyewe. Hilo najilaumu zaidi kuliko jambo lolote katika kisa hiki, kwa sababu kusoma kanuni ilikuwa kazi yangu, si kazi ya kijumbe wa upatu.

Bodi ilipiga kura, wanne kwa watatu. Tuliandika kwamba tuko tayari kuanza na kata mbili, kwa malipo ya awali ya miezi miwili. Jibu lilikuja baada ya wiki moja, likitushukuru kwa ushirikiano wetu, na mradi ukachukuliwa na shirika jingine la mkoani. Mwezi Mei Mratibu aliacha kazi. Siku ya mwisho, akiwa anafunga vitu vyake kwenye boksi la karatasi za fotokopi, aliniambia kwamba tumeliua shirika kwa hesabu za akina mama wa vicoba. Juni mradi wa zamani ulikwisha, wafanyakazi watatu tukawalipa stahili zao wakaondoka, na mshahara wangu ukakatwa nusu. Usiku mwingi nilikuwa upande wa Mratibu.

Tulijaribu mengi mwaka ule, na mengine siyataji kwa sababu hayakufika popote. Ada za wanachama zilitosha umeme. Tuliandaa chakula cha jioni cha kuchangisha, ahadi zikajaa karatasi mbili, na zilizolipwa hazikufika nusu. Mweka hazina alikuwa akiutolea mfano msikiti wa mtaani kwao, ambao taa zake na maji yake vinalipiwa na kodi ya maduka mawili ya wakfu, yaliyoachwa na mtu ambaye hata wajukuu wake wamekwisha kufa. Alitaka nasi tuwe na "duka" letu. Duka tulilolipata lilikuwa masufuria. Wahudumu wetu walijua kupika kwa ajili ya misiba na harusi za mji mzima, na mashirika ya mjini kila wiki yalikuwa na semina zenye watu wanaohitaji chai saa nne na chakula saa saba.

Semina ya kwanza kubwa tuliyoipata ilikuwa ya Agosti, watu 60 kwa siku tatu, na ilituachia shilingi 410,000 baada ya mchele, nyama, mkaa na posho za wapishi. Zilikuwa fedha za kwanza katika maisha ya shirika ambazo hapakuwa na mtu wa kutuuliza tumezitumiaje. Waliotuita walikuwa lile shirika lililochukua ule mradi.

Mhasibu wao alikuja ofisini siku mbili kabla, kijana mstaarabu mwenye kompyuta mpakato na hati ya kuagizia huduma. Alimsalimia mweka hazina shikamoo, akaketi, akaeleza kwamba utaratibu wao ni kulipa siku 30 baada ya kupokea ankara. Mweka hazina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, muuza mchele hana robo mwaka," alimwambia. "Nusu leo, nusu kabla sahani hazijaoshwa."

Kijana alitabasamu, akatoka nje kupiga simu, akakaa huko muda mrefu akitembea huku na huku chini ya mwembe. Aliporudi alisema tusubiri kidogo. Ujumbe wa fedha uliingia kwenye simu ya mweka hazina kama saa kumi jioni, shilingi 1,080,000, na kwa kuwa miwani yake alikuwa ameisahau nyumbani alinipa mimi nimsomee. Nilisoma kiasi, kisha nikasoma jina la mtumaji. Halikuwa jina la shirika. Lilikuwa jina la mkurugenzi wao mwenyewe, kutoka simu yake mwenyewe.

Alinitaka nilirudie lile jina, nikalirudia. Akafungua kaunta buku upande wa nyuma, akaandika kiasi na tarehe, kisha akawaambia wapishi waende sokoni wakawahi vitunguu.