Kucha za Mwenye Nyumba

Asubuhi moja ya mwaka 1997 nilifika kwenye nyumba tuliyoazima Kinondoni kwa ajili ya kurekodi mchezo wa televisheni, nikiwa na rangi ya bluu chini ya kucha zote kumi. Nilikuwa nimekesha nikimalizia picha ya kanga wawili (ndege, si vazi) juu ya kipande cha hadibodi, kwa mtindo ulioanzishwa na Edward Tingatinga pale Oysterbay mwaka 1968, unaotumia rangi ya mafuta ile ile ya kupakia baiskeli. Anayewajua kanga anajua pia madoa yao: kila doa ni mguso mmoja wa ncha ya brashi, na huwezi kuanza kuyadondosha kabla rangi ya chini haijakauka, la sivyo yote huvujiana. Picha hizo ndizo zilizonilisha. Uigizaji ulinipa nauli na soda.

Katika mchezo ule nilikuwa tajiri mwenye nyumba anayemfukuza mjane. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo mama aliyeigiza mjane huyo, kisha nikashinda nikimfokea mpaka jioni. Siku hiyo kamera ilipaswa kusogea karibu kabisa na mikono yangu wakati nikihesabu kodi yake, na mwongozaji akaziona kucha.

"Bwana, tajiri gani huyu anayepaka rangi mabati?" aliuliza, na watu wote wakacheka isipokuwa mimi.

Mama yule hakunisema. Alimimina mafuta ya taa kwenye kikombe, akachana kipande cha kitambaa, akaketi kwenye kigoda na kuanza kunisugua kidole kimoja baada ya kingine, kama mtoto anayeandaliwa kwenda shule. Kwa aibu nikaanza kuimba chinichini kiitikio cha wimbo ambao nilipaswa kuuimba na bendi yetu usiku ule. Mwongozaji akanyamaza, akasikiliza, kisha akaamuru kwamba nihesabu fedha za mjane huku nikiimba vivyo hivyo, bila kufoka hata mara moja. Tulirekodi mara mbili tu. Mpaka leo naona kwamba hicho ndicho kipande pekee nilichoigiza vizuri katika mchezo mzima, na sikukitafuta mimi.

Wakati huo televisheni ilikuwa bado ngeni Tanzania Bara, kwani vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, ingawa Zanzibar walikuwa na yao tangu miaka ya 1970. Nyumba moja yenye seti ilijaza mtaa mzima sebuleni, na waliokosa nafasi walitazama kupitia dirishani. Kwa hiyo kipande kile kiliporushwa, kilionwa na watu wengi kuliko nilivyodhani.

Jumamosi iliyofuata nilipanda jukwaani Magomeni. Tulipofika kwenye kiitikio kile, mwanamke mmoja alikuja akicheza taratibu, noti ya shilingi 500 mkononi, akainyanyua kunibandika kwenye paji la uso. Akanitazama. Akaitazama mikono yangu iliyoshika maikrofoni. Kisha akaikunja noti yake, akairudisha kifuani, akaenda kumtunza mpiga gitaa.

Nikaendelea kuimba.