Kumwaga majivu ya marehemu kutoka kwenye Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja: uzoefu wangu

Majivu hurudi ndani ya ndege. Lijue hilo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu familia nyingi hulitambua wakiwa angani tayari. Ukifungua dirisha na kumimina kwa mkono, hewa inayopita ubavuni mwa ndege hujikunja kwenye ukingo wa nyuma wa dirisha na kuingia kwa nguvu, ikibeba ulichomimina. Konzi moja tu yatosha kumjaa rubani machoni. Kubwa kuliko yote, hakuna anayestahili kuagwa halafu akafagiliwa kutoka chini ya viti.

Ninaruka kutoka uwanja wa Scholes, Galveston, Texas, nikielekea Ghuba ya Meksiko. Dawa ya tatizo hili ni bomba. Natumia bomba la PVC lenye kipenyo cha milimita 50 na urefu wa kama mita moja. Ncha ya nje nimeikata mshazari kwa nyuzi 45. Mdomo huo lazima uangalie mkiani. Ukiugeuzia mbele, upepo utaingia bombani na kurusha kila kitu usoni mwa mshikaji. Ukiangalia nyuma, hewa inayopita inanyonya yenyewe. Toa nje sentimita 30 hivi, ukiinamisha bomba chini ili majivu yapite chini ya bawa dogo la mkia. Ncha ya ndani navalisha galoni la plastiki la lita nne lililokatwa kitako, likageuzwa juu chini likawa faneli, nikazungushia tepu pande zote. Kamba imara hufungwa kwenye bomba na kwenye fremu ya kiti. Bomba likichomoka mkononi bila kamba, litagonga mkia, na hapo mna dharura.

Fanyeni jaribio siku moja kabla, kwa unga wa mahindi kilo mbili. Unga ni mwepesi kuliko majivu, kwa hiyo usiporudi ndani, majivu hayatarudi.

Majivu ya mtu mzima huwa kilo 2 hadi 3, ujazo wa lita tatu hivi. Si laini kama majivu ya kuni. Ni mifupa iliyosagwa, ina chembechembe kama mchanga wa mto. Yapitisheni kwenye chujio mkiwa nyumbani, taratibu, bila haraka. Ndani mtakuta kisahani cha chuma chenye namba ya utambulisho kutoka mahali pa kuchomea, kitoeni mkihifadhi. Mabonge yaliyoshikana kwa unyevu yavunjwe, maana ndiyo huziba bomba. Familia ikitaka sehemu ipelekwe nyumbani kuzikwa, igawanywe siku hiyohiyo na kufungiwa kwenye chombo cha mbao au plastiki. Mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege lazima iweze kuona ndani yake, kwa kuwa wakaguzi wa Marekani hawafungui chombo cha majivu hata ukiwaomba.

Sheria yenyewe haisumbui. Kanuni ya anga ya Marekani, namba 91.15, inakataza kudondosha kitu kitakachohatarisha watu au mali walio chini. Majivu matupu hayana hatari hiyo, ila chombo chake kinayo, basi kibaki ndani. Baharini, mamlaka ya mazingira, EPA, inataka umbali usiopungua maili 3 za baharini kutoka nchi kavu, nayo ipewe taarifa ndani ya siku 30 baada ya kumwaga. Mimi huenda maili 4, nisibishane na ramani. Maua yanaruhusiwa yakiwa halisi, bila waya wala utepe wa plastiki. Na rubani mwenye leseni ya binafsi haruhusiwi kulipwa. Mnachangia naye gharama za ndege kwa hisa sawa.

Umbali huo una jambo lake. Injini ikizimika, Cessna 172 huelea kama maili moja na nusu kwa kila futi 1,000 za kimo. Ukiwa futi 1,500 hufiki pwani. Kwa hiyo nakaa futi 3,000 au zaidi, na kila mtu amevaa jaketi okozi kabla hatujawasha injini. Lisijazwe upepo ndani ya ndege, litakuzuia kutoka mlangoni. Chini zaidi kuna helikopta zinazokwenda na kurudi kwenye mitambo ya mafuta, sababu nyingine ya kubaki juu.

Rubani asimwage. Kazi yake ni ndege tu. Kagua mapema ni dirisha lipi linafunguka, kwani ndege nyingine zina la kushoto peke yake. Ikiwa hivyo, tafuta mwalimu wa urubani anayeweza kurusha akiwa kiti cha kulia, na mtoto au mke wa marehemu akae kushoto. Mkono wa chuma unaozuia dirisha lisifunguke lote uondolewe na fundi mwenye leseni. Dirisha likishafunguka, upepo hulishikilia juu, limegusana na upande wa chini wa bawa.

Nenda asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaamka. Punguza mwendo hadi noti 75, kama kilomita 140 kwa saa, flapu (vibawa vinavyoshushwa nyuma ya mabawa) nyuzi 10, ndege ikiwa sawa bila kukata kona. Fungua dirisha, toa bomba, subiri litulie, ndipo umimine kikombe kimoja kimoja. Ukimimina yote kwa pamoja bomba linaziba. Likiziba, ligongegonge, usilirudishe ndani likiwa na majivu. Dakika mbili hutosha. Mwambie mapema anayemimina kwamba ataona moshi wa kijivu kwa sekunde mbili tatu tu, kisha hakuna kitu. Waliobaki ufukweni hawataona chochote, kwa hiyo wapeni saa kamili ili nao wasali au kuimba wakati huohuo.

Andika latitudo na longitudo papo hapo. Zinahitajika kwenye taarifa ya EPA, na familia huzitunza.

Mkitua, osheni ubavu na mkia kwa maji mengi matamu. Msifute kwa kitambaa kikavu: chembe hizo hukwaruza rangi, na kioo cha plastiki zaidi.