Amina isiyo mahali pake

Jana usiku binti yangu alikuwa akikariri aya ya shule ya Jumapili, anatembea huku na huku sebuleni, Biblia kaibana kwapani. "Tubuni, kwa maana ufalme wa mbinguni umekaribia." Akaisema mara tano, mara sita, kisha akaja kusimama mbele yangu.

"Baba, kutubu ndiyo kusema samahani?"

Nikamwambia anakaribia. Akanitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyejibu nusu ya swali, akarudi kwenye matembezi yake. Mimi nilibaki na kalamu mkononi, namsikia yule mzee, mhubiri mgeni, niliyemtafsiria kanisani mwaka ule tulipokuwa bado kwenye jengo la zamani. Ni miaka 12 sasa.

Mzee alikuwa amechoka kwa umri. Ngazi mbili za madhabahuni alizipanda akiwa ameshikwa mkono. Alikuja na karatasi moja tu, imekunjwa mara nne, na sauti ndogo iliyotulazimu kuongeza kipaza sauti mpaka kikaanza kuvuma. Alifungua Matendo 24: Paulo ni mfungwa huko Kaisaria, na liwali Feliki amekuja na mkewe Drusila, wanataka kusikia habari za imani. Mfungwa anayetafuta kufunguliwa, mzee akasema, angechagua maneno ya kumfurahisha liwali. Paulo akachagua mambo matatu: haki, kiasi, na hukumu itakayokuja. Haki, mbele ya hakimu ambaye Luka anatuambia alikuwa akitumaini kupewa fedha na mfungwa huyo huyo. Kiasi, mbele ya mwanamke ambaye, kwa masimulizi ya Josephus, mwanahistoria Myahudi wa zama zile, alimwacha mumewe, mfalme wa Emesa, akaolewa na Feliki. Na hukumu, mbele ya mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhukumu wengine.

Mpaka hapo nilitafsiri vizuri. Kiingereza chake kilikuwa chepesi, sentensi fupi fupi, na historia hainiumizi.

Ila lazima niseme tulikuwa tumefika wapi wakati ule. Hakuna aliyekaa mezani akapiga marufuku neno "dhambi". Lilipungua tu, kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Kwanza tukasema "mapungufu". Baadaye ikawa "udhaifu", na mwisho "changamoto". Hukumu ikawa "matokeo ya maamuzi yetu". Toba tukaigeuza kuwa "kubadilisha mtazamo", na mimi ndiye niliyekuwa nikiitetea tafsiri hiyo, kwa sababu nilikuwa nimejifunza kwamba neno la Kiyunani, metanoia, linahusu kugeuza nia. Ni kweli linahusu hivyo. Lakini sikuwahi kumwambia mtu kwamba manabii walitumia neno la Kiebrania lenye maana ya kurudi, kugeuka njiani na kuanza kutembea upande mwingine, na kwamba hata hili letu, "tubu", limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana hiyo hiyo. Mtazamo mtu anaweza kuubadilisha akiwa amekaa kitini. Kurudi kunataka miguu.

Nilikuwa na sababu zangu, na nyingine naziheshimu mpaka leo. Nikiwa na miaka kumi nilihudhuria mazishi ya kijana wa jirani, na mhubiri akasimama kando ya kaburi akatuambia marehemu yuko motoni kwa kuwa alikufa bila kuungama mbele ya kanisa. Mama wa marehemu alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwake. Sikumwona akilia. Alivua viatu, akaviweka pamoja kando ya mkeka, akabaki kuvitazama. Nilipokua nikaapa kwamba mdomo wangu hautatumika kwa kazi hiyo.

Basi mzee akafika aya ya 25. Feliki akafanya hofu, akajibu, "Sasa enenda zako, nami nikipata nafasi nitakuita." Mzee akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Akasema Feliki aliipata hiyo nafasi. Alimwita Paulo mara nyingi, wakazungumza kwa miaka miwili, na mwisho akaondoka amemwacha kifungoni. Hakukosa mahubiri. Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwa sauti ile ile ndogo: "Ndani ya nyumba hii yuko mtu ameshika kisicho chake. Anajua ni cha nani. Anamwambia mwenyewe asubiri, na Jumapili anainua mikono hiyo hiyo kumsifu Mungu. Huyo asingoje nafasi. Mungu atamhukumu. Arudishe leo."

Nilimsikia, na nilimwelewa kila neno. Hakukuwa na msamiati mgumu hata mmoja.

Nikakifikisha kipaza sauti mdomoni, nikasema: "Kila mmoja wetu ana changamoto zake, ndugu zangu, na Mungu anatuelewa."

Kanisa likaitikia, "Amina!"

Mzee akageuka. Kiswahili hakukijua hata salamu, asubuhi ile nilikuwa nimemfundisha "Bwana asifiwe" naye akalisahau kabla ya kufika mlangoni. Lakini alikuwa amehubiri miaka mingi, na aliijua amina isiyo mahali pake. Pale alipotarajia kimya, watu walikuwa wakitabasamu. Akawatazama, akanitazama mimi. Hakuonyesha hasira. Alionekana kama mtu aliyebisha hodi akasikia sauti ikimjibu kutoka nyumba nyingine. Akaweka mkono begani kwangu, mkono mkavu, mwepesi, ninausikia mpaka sasa, akarudia sentensi zake taratibu, akizikata vipande vidogo, kama unavyomlisha mtoto. Alidhani sikumsikia. Ameshika kisicho chake. Anajua ni cha nani. Arudishe leo.

Kipaza sauti kilikuwa kinavuma. Mbele yangu mtoto mchanga alikuwa akivuta shanga shingoni mwa mama yake. Nilikuwa na nafasi ya pili, nimepewa kwa upole, vipande vidogo. Nikasema: "Tujifunze kuachilia, Mungu atupe mtazamo mpya."

"Amina!"

Mzee akatoa mkono begani mwangu. Hakurudia mara ya tatu. Alimaliza kwa sala fupi ambayo niliitafsiri neno kwa neno, kwa usahihi wote.

Baada ya ibada mama mmoja mtu mzima alinifuata hadi nje. Alikuwa mwalimu kwa miaka mingi na Kiingereza anakijua kunishinda. Akanishika kiganja. "Mwanangu, yule mzee alitupa kitu. Mbona hukutufikishia?" Nikamwambia muda ulikuwa umetubana. Akatikisa kichwa polepole, akaniambia anakwenda kuniombea, akaondoka.

Kwa miaka nilijieleza kwamba siku ile nilikuwa nikimlinda yule mama wa mazishini, aliyevua viatu. Nilikuwa nikiwalinda wanyonge dhidi ya mhubiri mkali. Tatizo ni kwamba mzee hakuwa mkali. Na nilipoanza kusoma, hata mhubiri ambaye jina lake limegeuka alama ya mahubiri ya moto, Jonathan Edwards, nikakuta anaelezwa kuwa mtu wa sauti tulivu, asiyepiga makelele. Tarehe 8 Julai 1741, huko Enfield, Connecticut, Marekani, watu walilia kwa sauti kubwa mpaka akalazimika kukatiza mahubiri. Mchungaji aliyekuwapo aliandika hivyo katika shajara yake. Kumbe nilichokuwa nikikiogopa hakikuwa sauti.

Maana aliyeshika kisicho chake alikuwa mimi. Baba yetu alipofariki aliacha fedha zigawanywe kati yangu na dada yangu, na zote zilipitia mkononi mwangu. Sehemu yake nilikuwa nimeiingiza kwenye shughuli zangu. Alikuwa akinipigia, mwanzoni kila wiki, baadaye kila mwezi. Alhamisi kabla ya Jumapili ile alikuwa ameniandikia ujumbe, nami nikamjibu kwa mistari miwili. Nilipofika nyumbani nikautafuta kwenye simu, nikiwa bado nimevaa tai. Mstari wa pili ulisema: "Nikipata nafasi nitakupigia."

Watu mia mbili na ushee walikuwamo ndani ya jengo lile. Neno lile lilinipata mimi nikiwa mlango wa kupitia kwao, na nikaufunga. Sijui nani mwingine lingemgusa. Huenda hakuna. Huenda yuko aliyekaa benchi la nyuma, amekuja siku hiyo moja tu, anangoja mtu amwambie waziwazi kwamba anachokifanya ni dhambi na kwamba upo mlango wa kutokea. Mtu huyo tukamwambia ana changamoto, akaitikia amina na wengine, akaenda zake. Hilo ndilo linaloniamsha usiku, kuliko fedha.

Fedha nilirudisha. Ilinichukua miezi minane zaidi. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili, aliahidi kurudisha mara nne. Mimi nilirudisha kilekile, bila ziada, na bila kutamka mbele yake kwamba nilimwibia. Niliandika "samahani kwa kuchelewa". Dada akajibu "asante", na tangu hapo tunaonana kwenye misiba.

Tangu wakati ule, dhambi naitafsiri dhambi. Wengine wameacha kuniomba nisimame na wageni wao, na siwalaumu. Sina hakika kama nimepata namna ya kulisema neno hukumu ambayo yule mama wa mazishini angeweza kuisikia bila kuvunjika. Bado naitafuta.

Binti yangu alirudi na aya yake, sasa ameikariri yote na namba ya sura. Nikamwambia nilimjibu vibaya, kutubu ni kurudi.

"Kurudi wapi?"

Nilijikuta nataka kumwambia asubiri, nimalize ninachoandika kwanza. Nikaweka kalamu chini, nikamvutia kiti, nikaanza kumweleza kwa nini shangazi yake haji nyumbani kwetu.