Jiwe la mfalme, lenta ya mlango

Nilipitilizwa kituo. Kwetu ukitaka kushuka unapaza sauti "shusha!" na konda anagonga bodi. Mimi kwenye treni ya kisiwa cha Anglesey, Wales, nilikaa kistaarabu nikisubiri isimame Bodorgan. Kumbe kwenye vituo vidogo vya njia ile treni husimama abiria akiomba tu: usipomwambia konda mapema, unapitilizwa. Bodorgan niliiona dirishani, ikaja na kwenda. Kuja kuelewa, niko Holyhead, mwisho wa reli, mvua inanisubiri. Teksi ya kurudi pauni 45! Kwa hela hiyo natoka Dar hadi Masasi, narudi, na chenji inabaki.

Yote hayo kwa ajili ya jiwe. Liko ndani ya kanisa dogo la Llangadwaladr, ukutani upande wa kaskazini, nalo ni la kaburi la Cadfan, mfalme wa Gwynedd, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Wales, aliyefariki mnamo 625. Juu pana msalaba, chini Kilatini: CATAMANUS REX SAPIENTISIMUS OPINATISIMUS OMNIUM REGUM. Yaani Mfalme Cadfan, mwenye hekima na sifa kuliko wafalme wote.

Mama aliyekuwa akipanga maua alinionyesha mlango wa kusini. Jiwe lilikuwa pale juu, akasema, lenta. Karne nyingi baada ya mazishi mafundi walitaka jiwe refu, na hilo lilikuwa refu. Waumini wakawa wanapita chini ya mfalme, na mvua zao. Tena kanisa lenyewe lina jina la mjukuu wake, Cadwaladr!

Nilisogeza uso karibu. Herufi hazilingani, kubwa zimechanganyika na ndogo, na kwenye "sapientisimus" S moja imeliwa, kwenye "opinatisimus" vilevile. Mwenye hekima kuliko wote, na fundi wake kakosea tahajia.

Nikamkumbuka babu. Kaburi lake Masasi fundi aliliandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi: AMEFALIKI 1994. Wajomba walitaka livunjwe, liandikwe upya. Bibi akagoma, akasema saruji ni ghali na marehemu hasomi. Kila Pasaka tunapolisafisha lazima mtu acheke.

Kurudi nilitembea hadi Bodorgan, viatu vimelowa. Treni ilipotokea nilinyoosha mkono kama ninavyosimamisha daladala pale Mbagala. Ikasimama.