Cheti cha Polisi na Barua ya Sheha

Nilipopata kazi ya kulea watoto katika nasari moja hapa Leicester, Uingereza, nilidhani ningeanza Jumatatu iliyofuata. Badala yake nilipewa fomu ya uchunguzi wa kumbukumbu za jinai, ule wa kiwango cha juu, na nikatakiwa nitaje kila mahali nilipoishi kwa miaka 5 iliyopita. Miaka 3 kati ya hiyo niliishi Wete, Pemba, katika nyumba isiyo na namba wala mtaa wenye kibao.

Uchunguzi huo hufanywa na idara iitwayo DBS, nayo haioni kumbukumbu za polisi wa Tanzania. Kwa hiyo mwajiri alitaka cheti cha tabia njema kutoka nyumbani. Nilichukuliwa alama za vidole huku, nikazituma, na mdogo wangu akaanzia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, kuomba barua kabla ya kwenda polisi. Wakati tukisubiri niliruhusiwa kufanya kazi, lakini sikuachwa peke yangu na mtoto hata dakika moja. Mimi niliyewalea wadogo zangu wanne nikawa nasimamiwa kumbadilisha mtoto nepi!

Shangazi alipopiga simu alikereka: "Kwani hawajui wewe mtoto wa nani?" Nilicheka, ila baadaye nilisoma chanzo cha masharti haya. Mwaka 2002, katika mji wa Soham huku Uingereza, wasichana wawili wa miaka 10 waliuawa na mtunzaji wa majengo ya skuli ambaye polisi wa eneo jengine walikwishapokea tuhuma kadhaa juu yake, na tuhuma hizo hazikumfikia aliyemwajiri. Ndiyo maana leo cheti cha kiwango cha juu kinaweza kubeba hata taarifa za polisi ambazo hazikuishia kwenye hukumu, iwapo zinahusiana na kazi inayoombwa.

Cheti changu cha nyumbani kilikuja safi, na ni haki yangu. Hata hivyo najua kwamba kwetu mtu anaweza kuwa na cheti safi kwa sababu tu mambo yake yalimalizwa na wazee ndani ya nyumba, kwa ajili ya sitara, na hakuna aliyefika kituoni.

Mdogo wangu anasomesha skuli ya maandalizi ya binafsi. Nilimuuliza alichunguzwa vipi. Akasema alipeleka vyeti vya masomo na kitambulisho, na mkuu wa skuli alikuwa anamjua mama. Nikamuuliza tena, na yule mwalimu mgeni aliyehamia juzi, yeye anajulikana na nani? Alinyamaza kidogo, kisha akasema aliletwa na mtu.