Wiki ya tatu, matiti yakiwa bado juu

Siku za kwanza baada ya kuwekewa vipandikizi vya matiti zina shughuli zake: dawa kwa saa, bendeji, kulala chali, ndugu wanaopiga simu kutwa kuulizia hali. Kwa akili, ngumu zaidi ni wiki ya tatu. Maumivu makali yametulia, simu zimepungua, kisha mtu anasimama mbele ya kioo na kuona matiti yamekaa juu karibu na mtulinga, magumu, yamebanwa, chini hayajajaa, tena moja limeshuka kuliko mwenzake. Hapo ndipo majuto huanza, na hapo ndipo watu humsumbua daktari wakitaka kurudiwa upasuaji. Umbo linaloonekana wiki hiyo si la mwisho. Kuna mambo ambayo muda utayaweka sawa, na kuna mengine ambayo hata ukingoja mwaka mzima hayatabadilika, na kazi yote ya kujiuguza ni kuyatofautisha.

Tuchukue upasuaji wa kawaida: kipandikizi cha mviringo chenye jeli ya silikoni na ganda laini, mililita 300, kimepitishwa kwenye chale iliyo katika kikunjo cha chini ya titi na kuwekwa nyuma ya msuli mkubwa wa kifua. Msuli huo ulikuwa umelala juu ya mbavu tangu mwenyewe azaliwe. Sasa umeachanishwa upande wa chini na nyuma yake kumewekwa kitu cha takriban gramu 300. Hujibu kwa kukaza, na ukikaza hukisukuma kipandikizi juu. Ngozi ya chini nayo haijatanuka, na uvimbe unaongeza ujazo. Wiki zinavyopita msuli hulegea, uvimbe hunywea, ngozi ya chini hukubali, na kipandikizi hushuka na kuijaza sehemu iliyokuwa tupu. Kwa kilichowekwa nyuma ya msuli, tegemea miezi 3 hadi 6. Kilichowekwa juu ya msuli huwahi zaidi. Ngozi ya msichana ambaye hajawahi kunyonyesha huchelewa kutanuka. Ya mama aliyenyonyesha watoto watatu huwa imeshalegea, hivyo hutangulia.

Kutoshuka pamoja ni kawaida kabisa. Mara nyingi upande wa mkono unaotumika zaidi ndio unaobaki nyuma, kwa kuwa msuli wake haupumziki. Tena hakuna kifua kilichokuwa sawa pande zote hata kabla ya kisu.

Kwa anayetaka kufuatilia bila kujitesa, picha moja kila baada ya wiki mbili inatosha: mahali pamoja, mwanga mmoja, mikono chini. Chukua na tepu ya fundi cherehani, pima kutoka kwenye chuchu hadi kikunjo cha chini ya titi. Kipimo hicho huongezeka kidogo kidogo kadiri ngozi inavyotanuka. Kujitazama kila asubuhi hakuna faida, hasa kwa sababu asubuhi ndipo kifua hukaza kuliko saa zote kwa wenye vipandikizi vya nyuma ya msuli. Ukishaoga na kutembeatembea hulegea.

Karatasi ya hospitali huandika “usinyanyue vitu vizito kwa wiki 6”, na watu huielewa kuwa ni magunia tu. Ndoo ya lita 10 ni kilo 10. Mtoto wa mwaka mmoja hukaribia hapo hapo. Kikomo cha wiki za mwanzo ni kilo mbili au tatu. Lakini uzito si jambo pekee. Kinachouchosha msuli wa kifua ni kusukuma, kuvuta na kufikia juu: kukanda unga wa chapati, kukuna nazi, kufua kwa mkono, kupiga deki, kushika bomba la juu ndani ya daladala au matatu, kujisukuma kwa mikono unapoinuka kitandani. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo iachwe kabisa. Nywele zisukwe kabla ya upasuaji, maana kuinua mikono kuchana itakuwa adhabu. Dera la kuvalia kichwani lingoje. Shati au gauni lenye vifungo mbele ndilo linalofaa. Kwa anayesali, sala ya kukaa ipo kwa ajili ya mgonjwa, na kusujudu katika wiki za mwanzo hulaza uzito kwenye mikono na kifua.

Kulala ni chali, mgongo umeinuliwa kwa nyuzi 30 hadi 45, mito miwili mitatu na mmoja chini ya magoti ili usiteleze. Kulala kifudifudi kungoje wiki 6 angalau. Sidiria ya upasuaji isiyo na waya huvaliwa usiku na mchana kwa muda huo huo. Waya hukaa juu ya mshono wenyewe, kwa hiyo usiwe na haraka nao. Madaktari wengine hutoa mkanda wa kufunga juu ya matiti ili kuyasukuma chini. Usijinunulie mwenyewe: kama titi moja tayari limeshuka, mkanda unaweza kulizidisha. Kukanda matiti kwa mikono nako ni hivyo hivyo. Kwa vipandikizi vya ganda laini baadhi ya madaktari huagiza, wengine hawaoni haja; kwa vyenye umbo la tone, vinavyotegemea kukaa upande mmoja, kukanda kunaweza kuvigeuza.

Dawa ya msingi ni parasetamoli, kwa mtu mzima gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Angalia kama dawa yako ya mafua nayo haina parasetamoli ndani. Tramadoli na kodeini, dawa kali zaidi za maumivu, hufunga choo, na kujikamua chooni huumiza kifua kilichoshonwa. Maji, papai na mboga zianze siku ya kwanza. Usiweke barafu wala chupa ya maji moto juu ya ngozi iliyokufa ganzi: haitakuambia inapoungua.

Ganzi hiyo, hasa kwenye chuchu na chini ya titi, huweza kudumu miezi, na kwa wachache hairudi yote. Mshtuko mkali kama wa umeme unaopita ghafla ni mishipa ya fahamu inayoamka. Sauti ya maji au mlio mdogo ndani ya kifua ni hewa na majimaji yaliyobaki, huisha baada ya wiki chache. Kamba ngumu inayouma chini ya titi kuelekea tumboni huwatisha wengi. Kwa kawaida ni mshipa mdogo wa damu ulioziba karibu na ngozi, na hupona wenyewe kwa wiki kadhaa, ila daktari auone.

Sasa yasiyongojewa. Titi moja likivimba ghafla siku ya kwanza au ya pili, likakaza na kuuma kuliko dawa inavyoweza kutuliza, hiyo ni damu inayovilia ndani. Rudi hospitali usiku huo huo. Wekundu unaosambaa, joto, homa ya nyuzi 38 au majimaji kwenye mshono ni maambukizi mpaka ithibitishwe vingine, na antibiotiki ya kujinunulia dukani huyaficha tu huku kipandikizi kikielekea kutolewa.

Mengine huja polepole. Kila mwili hujenga utando wa kovu kuzunguka kipandikizi, na hilo si ugonjwa. Utando ukijikaza, titi lililokuwa limelainika huanza kuwa gumu tena, hupanda, hubadilika umbo. Madaktari hulipima kwa madaraja manne ya Baker: la kwanza laini, la nne gumu na lenye maumivu. Ugumu wa wiki ya tatu unapungua. Huu unaongezeka, na tofauti ni hiyo. Kinyume chake ni kipandikizi kinachozidi kushuka baada ya miezi 6: kipimo cha tepu kinaendelea kuongezeka na chuchu inaelekea juu. Hapo kinachorekebisha ni upasuaji.

Kwa ngozi yetu nyeusi, kovu linataka jicho la pekee. Jeli au karatasi ya silikoni huanza jeraha likishafunga kabisa, saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi mitatu. Kovu likianza kuinuka, kuwasha na kuvuka mipaka ya chale, nenda mapema. Sindano ya triamsinoloni, dawa ya steroidi, hufaa zaidi kovu la namna hiyo, yaani keloidi, likiwa changa.

Aliyefanyiwa Istanbul au Dubai asipande ndege kabla ya siku 5 hadi 7, na asirudi bila kadi ya vipandikizi yenye kampuni, aina, ukubwa na namba za toleo. Mwaka 2019 Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya ganda la kukwaruza la Biocell kwa sababu ya saratani adimu ya limfu, ambayo dalili yake ya kawaida ni titi kuvimba majimaji miaka kadhaa baadaye. Bila kadi, ni vigumu mwenye kipandikizi kujua kama chake ni miongoni mwa hivyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, hushauri vipandikizi vya silikoni vipigwe MRI (picha ya sumaku) au altrasaundi miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3, kwa kuwa silikoni hupasuka kimya. Na siku ya mamogramu, yaani eksirei ya matiti, mwambie mpiga picha kuwa una vipandikizi kabla hajalibana titi.